Bunduki Ijulikanayo Humwita Mwizi

Mkulima akipata cheti cha bunduki hufurahi, na furaha yake si ya bure. Pengine amekesha misimu mingi akipiga madebe na kuwasha mioto shambani, na nguruwe mwitu wamezidi kumdharau. Au ana ng'ombe wa maziwa aliowalipia mkopo kwa miaka, naye hapati usingizi akisikia mbwa wa jirani wanabweka. Sasa ana bunduki yake ya marisawu, tena ya halali. Anaileta nyumbani, anapigilia msumari karibu na mlango, na juu ya msumari anatundika mkanda wa risasi. Wageni wauona. Naye, ukimwuliza vizuri, atakwambia kwamba hakuuweka pale kwa bahati. "Mwizi akisikia kuwa hapa pana bunduki," asema, "atapita mbali."

Neno hilo la mkulima ndilo ninalotaka tulitazame. Lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ni hatari. (Habari za kuwapiga wanyama risasi tutaziacha, kwa kuwa zina sheria zake, na mwenye taabu ya wanyama ni afadhali aanze kwa watu wa idara ya wanyamapori.)

Wezi si wa namna moja. Yuko yule wa kuku, wa jembe lililosahauliwa nje, wa debe moja la viazi. Huyu akiona dalili ya bunduki huogopa kweli. Lakini huyu hata mbwa mmoja mkali angemtosha, au taa iwakayo, au kikohozi cha mwenye nyumba. Hukuhitaji bunduki kwa ajili yake.

Mwizi wa pili ni mwingine kabisa. Yeye anataka kufanya kazi kubwa: kusimamisha magari njiani, kuvunja duka la sokoni, kumvizia mhasibu wa chama cha ushirika siku ya malipo ya maziwa, au kuswaga kundi zima la ng'ombe. Kwa kazi hiyo ana watu, ana miguu, ana ujasiri. Anachokosa ni silaha. Bunduki haiuzwi dukani kama sukari. Kuipata kwa njia ya sheria humpasa mtu kuulizwa maswali ambayo mwizi hawezi kuyajibu. Basi mtu huyu akisikia kwamba bunduki iko kwa fulani, nyumba ya tatu kutoka mtoni, haogopi hata kidogo. Hufurahi kama vile mimi na wewe tunavyofurahi tukiambiwa kwamba mbolea imefika.

Tena huyo hatakuja wakati wewe umeishika. Hebu hesabu siku yako. Saa kumi na moja alfajiri uko zizini unakamua. Saa moja uko njiani na mikebe ya maziwa. Kisha palizi, kisha chakula, kisha palizi tena. Jumamosi ni soko, Jumapili ni kanisa, na kati ya hizo kuna mazishi, harusi na mikutano ya chifu. Katika juma zima, ni saa ngapi umekaa macho, bunduki iko mkononi, unautazama mlango? Mtu ndiye alindaye nyumba. Bunduki iliyobaki peke yake chumbani ni mali tu kama redio, ila ni ya thamani kuliko redio, na mtu mmoja aweza kuibeba chini ya koti.

Wazee wa Kinangop, Ol Kalou na Naivasha hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mashamba mengi tunayolima katika skimu zilizoanza mwaka 1962, katika ule Mpango wa Ekari Milioni Moja, yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walowezi hao walianza kuvaa bastola viunoni, wengine hata mezani pa chakula. Kila mtumishi wa nyumbani aliziona, na kila mchungaji alijua nani ana nini. Msituni, wakati huohuo, wapiganaji walikuwa na upungufu mkubwa wa silaha. Wengi walikuwa na simi na mapanga tu, na mafundi wao walifikia kuunda bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira. Kwa watu waliokuwa katika hali hiyo, bunduki moja ya kiwandani ilikuwa na thamani isiyohesabika kwa fedha.

Matokeo yake yanajulikana. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji walikishambulia kituo cha polisi cha Naivasha. Waliondoka na bunduki 47, ambazo 18 kati yake zilikuwa za kufyatua risasi mfululizo, pamoja na risasi nyingi, na wakawafungua mahabusu 173. Hicho kilikuwa kituo cha Serikali, chenye askari. Sisemi kwamba watu wale walikuwa wezi. Walikuwa na vita vyao vya kudai ardhi na uhuru, na sisi leo tunapanda viazi juu ya matokeo ya vita hivyo. Nalileta jambo hili kwa sababu linaonyesha wazi kwamba anayehitaji silaha haepuki mahali ajuapo kuwa zipo. Hapo ndipo aendapo.

Vivyo hivyo ilikuwa Uganda mwaka 1979. Idi Amin alipoangushwa, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na ghala la silaha likabaki bila mlinzi. Watu wa Karamoja walilijua ghala hilo miaka yote. Walilifungua na kujichukulia bunduki, na silaha hizo zikabadilisha kabisa wizi wa ng'ombe huko na hata upande wetu wa mpaka. Uporaji uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi.

Najua wengine watasema, "Hayo ni mambo ya vita na ghasia. Sisi tunakaa kwa amani." Vema. Basi tuitazame nchi yenye amani ambayo raia wake wana bunduki nyingi kupita wote duniani, yaani Marekani. Huko wako watu wabandikao vibao langoni, au karatasi kwenye gari, kuwaambia wapitao kwamba mwenye mali ana silaha. Mwaka 2003 wataalamu wawili, Philip Cook na Jens Ludwig, walichapisha uchunguzi wao juu ya swali hilihili letu: je, wavunjaji wa nyumba huziepuka sehemu zenye bunduki nyingi? Waliona kwamba sivyo. Penye bunduki nyingi majumbani, uvunjaji wa nyumba haukupungua, bali ulielekea kuzidi kidogo. Na sababu moja waliyoitaja ni rahisi kuielewa: bunduki ni kitu kizuri cha kuiba.

Huko huko Marekani, Desemba 2012, gazeti moja la jimbo la New York liitwalo The Journal News lilichapisha ramani yenye majina na anwani za watu wenye vibali vya bastola katika wilaya mbili. Wenye vibali walikasirika sana. Angalieni hasira yao ilitoka wapi. Hawakusema, "Ahsanteni, sasa wezi wote watatuogopa." Walilia kwamba gazeti limewaonyesha wezi mahali pa kuja. Majuma machache baadaye, Januari 2013, nyumba moja iliyokuwa katika ramani ile ilivunjwa katika mji wa White Plains, na wezi wakajaribu kulifungua kasha la bunduki wasiweze. Kama waliongozwa na gazeti au la, haikuthibitishwa. Lakini wenye bunduki wenyewe walikwisha kutoa hukumu yao juu ya bunduki kujulikana.

Mzee mmoja wa skimu yetu, mtu mwenye akili nyingi, alinibishia juu ya hayo. "Mwanangu," alisema, "mwizi asipojua kwamba nina bunduki, ataogopa nini? Simba asiyenguruma nani humwogopa?" Ni swali zuri. Nilimjibu hivi: Mzee, mwizi akitazama nyumba mia za skimu asijue ni ipi yenye bunduki, ataziogopa zote mia kidogo kidogo. Asiyejulikana anawalinda hata majirani zake. Lakini wewe ukitundika mkanda wako barazani, umemwambia mambo mawili kwa mara moja: kwamba nyumba hii ina kitu anachokitafuta, na kwamba nyingine tisini na tisa hazina. Mzee alicheka, akasema kwamba hata hivyo simba ni simba. Sikumshinda. Ila nilisikia baadaye kwamba mkanda umetolewa pale ulipokuwa.

Sasa, ni dalili zipi zinazomwonyesha mwizi? Mkanda na mkoba wa risasi nimekwisha kuvitaja. Lakini ziko nyingine ambazo mwenye nyumba hazihesabu. Maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa ni mojawapo. Watoto huyapenda kwa kuwa yana rangi, na sehemu ya shaba hung'aa. Huyapeleka shuleni, huyapulizia kama filimbi, huyavisha juu ya vijiti vya ua. Mtu apitaye njiani akaona maganda mekundu kumi yamepangwa juu ya ua hana haja ya kumwuliza mtu yeyote. Kusafisha bunduki barazani siku ya Jumapili, watu wakipita kwenda kanisani, ni dalili nyingine. Kuipiga hewani usiku wa mwaka mpya ni dalili isikikayo mpaka ng'ambo ya bonde, tena ni kosa. Kuvaa bastola kiunoni sokoni, shati limeinuliwa kidogo ili ionekane, ni dalili na ni majivuno pia. Na siku hizi iko dalili mpya, picha ya simu. Kijana wa nyumba hupigwa picha ameishika bunduki ya baba, akaituma kwa rafiki mmoja. Rafiki huyo ana rafiki zake, na kabla ya jua kutua picha imefika mahali ambapo baba hatafika maisha yake yote.

Lakini dalili kubwa kupita zote ni mdomo. Katika ofisi yetu ya kilimo watu huja asubuhi kuandikisha mbegu na kueleza shida zao, nao hungoja pamoja juu ya benchi. Siku moja alikuja mtu mmoja wakati majirani zake walikuwa wakilalamika juu ya nyani. Yeye akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu kwamba nyani hawamsumbui, maana ana "mama mkali" chini ya kitanda. Watu wakacheka, akapata moyo. Akaeleza alivyoipata, ina midomo mingapi, na risasi ngapi zimebaki. Kisha, katika maneno hayohayo, akaniomba nimharakishie fomu yake, kwa kuwa Alhamisi yeye na mkewe wanakwenda Nakuru kwenye harusi mpaka Jumatatu. Niliwahesabu watu waliokuwa juu ya benchi: walikuwa kumi na mmoja, na watatu kati yao sikuwajua. Kwa dakika kumi mtu yule aliwapa habari ya mali, mahali ilipo, na siku nne ambazo nyumba itakuwa haina mtu. Nilimwita ndani nikamwambia kwa upole. Hakuibiwa, namshukuru Mungu. Aliagiza mdogo wake alale pale, na bunduki akaipeleka polisi iwekwe mpaka arudi.

Jambo jingine la kufikiri ni hili: sifa ya bunduki hukaa kuliko bunduki yenyewe. Tuchukue mfano wa mama mjane katika skimu yoyote. Mumewe alikuwa na cheti, na watu wote walijua. Mume akafariki. Watu wa nyumba wakafanya ipasavyo: bunduki na risasi zikapelekwa kituo cha polisi, karatasi ikatiwa sahihi. Lakini ule mkanda wa ngozi ulibaki ukutani, chini ya picha ya marehemu, kwa kuwa ulikuwa wake na watoto waliupenda. Mwaka ukapita. Usiku mmoja watu watatu wanaingia, na neno lao la kwanza si "fedha" bali ni "bunduki". Mama asema imekwisha kurudishwa. Wao wanautazama ukuta. Atawathibitishiaje usiku ule kwamba kitu hakipo? Mwenye kitu aweza kukitoa ili aokoke. Asiyekuwa nacho hana la kutoa, na kila anavyoapa ndivyo wanavyozidi kudhani anaficha.

Kwa hiyo bunduki ikiondoka nyumbani, kwa kufiwa au kwa kuuzwa kwa njia ya sheria, habari ya kuondoka kwake ndiyo iliyo ya kutangazwa. Mzee wa kijiji na aende pamoja nanyi mpaka polisi, mchana, watu wakiona. Wajumbe wa chama waambiwe. Mkanda, mkoba, mafuta ya kusafishia, hata kile kipande cha ubao chenye mapengo ilimokuwa ikisimama, vyote vitolewe ukutani. Picha ya marehemu inatosha kumkumbuka.

Na ambaye bado anayo, afanye nini? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka kila mwenye bunduki aiweke salama wakati wote. Chini ya kitanda si salama. Juu ya dari si salama, maana hapo ndipo mwizi atazamapo kwanza. Kasha la chuma lenye kufuli, lililokazwa kwa misumari ya skrubu mpaka ndani ya ukuta wa mawe au katika sakafu ya saruji, ndilo linalofaa. Nalo likae chumba cha ndani, si pale sebuleni pa kupokea wageni. Kama nyumba yako ni ya udongo, kasha lolote utakalolitia ukutani litang'olewa pamoja na ukuta. Katika hali hiyo afadhali uzungumze na mkuu wa kituo cha polisi juu ya kuihifadhi huko kabla hujaileta nyumbani. Wengine huona hii ni aibu. Mimi siioni aibu yake.

Ufunguo usitundikwe msumarini wala usiwekwe ndani ya kikombe cha kabatini. Ukae mwilini mwa mwenye cheti, kwani cheti ni chake peke yake, na si cha ndugu, mtoto wala mfanyakazi. Mke au mume ajue kwamba kasha lipo na ajue la kufanya mwenziwe akifa au akiugua. Zaidi ya hao wawili na polisi, sijui ni nani mwingine mwenye haja ya kujua. Risasi zifungiwe mahali pake, mbali na bunduki. Ile ya marisawu yenye kukunjwa hufunguliwa ikawa vipande vitatu. Kipande kimoja kikiwekwa mahali pengine, aliyeviiba viwili hana kitu kizima.

Ukiwa na mfanyakazi, usimshuku kwa kuwa ni mfanyakazi. Wengi ni waaminifu kuliko ndugu. Lakini usimtwike siri ambayo hakuiomba. Mtu asiyejua hawezi kulazimishwa kusema, wala kesho hawezi kusingiziwa kwamba yeye ndiye aliyesema. Ni kumlinda yeye pia.

Ikiwa licha ya hayo yote imeibwa, usingoje asubuhi, wala usianze kuitafuta kimya kimya kwa kuogopa kuulizwa maswali. Sheria yadai upotevu wa silaha upelekwe polisi mara moja, na kila saa inayopita ni saa ambayo bunduki yako yaweza kuelekezwa kifuani mwa jirani yako. Polisi watataka kwanza namba iliyochongwa juu ya chuma. Watu wengi hawaijui namba hiyo, kwa kuwa imeandikwa katika cheti tu, na cheti kilikuwa ndani ya kasha pamoja na bunduki. Basi leo jioni, kabla hujafunga kasha lako, inakili namba hiyo pamoja na jina la kiwanda, na karatasi hiyo uiweke mahali pengine, pamoja na stakabadhi zako za shamba.